Karatasi ya Maabara na Maisha ya Mama



Dada mmoja ametuandikia kuhusu mama yake mzazi, ambaye kwa zaidi ya mwaka alikuwa akinunuliwa dawa za vidonda vya tumbo dukani. Hatimaye alipimwa kwa kamera, kikakatwa kipande kidogo cha nyama, na majibu yakathibitisha saratani. Kisha vikaja vipimo vya damu. Kiashiria kiitwacho CEA kilikuwa 14, ilhali kikomo cha kawaida kwenye karatasi ni 5. Cha pili, CA 19-9, kilikuwa chini ya 37, yaani sawa. Kaka mkubwa akasema mama amekwisha, asisumbuliwe na kisu. Kaka mdogo akashikilia ile namba ya pili, akadai hakuna saratani. Mama mwenyewe hajaambiwa neno. Dada auliza ni yupi aliye sahihi.

Dada yangu, hakuna.

CEA ni protini iliyogunduliwa mwaka 1965 na Phil Gold na Samuel Freedman huko Montreal, Kanada, walipokuwa wakichunguza saratani ya utumbo mpana. Hutolewa na baadhi ya saratani, lakini hupanda pia kwa mvutaji sigara na kwa mwenye maradhi ya ini. CA 19-9 nayo hupanda njia ya nyongo inapozibwa na vijiwe; na wako watu ambao kwa maumbile yao hawaitengenezi kabisa, hata saratani ikiwa imeenea. Namba hiyo kuwa sawa haifuti majibu ya kile kipande cha nyama.

Na CEA ya juu je? Ina uzito wake. Wagonjwa wa saratani ya tumbo wanaoanza matibabu wakiwa nayo, kwa wastani, hali zao huwa ngumu zaidi. Ila wastani ni hesabu ya watu wengi, na mama yako ni mmoja. Linalobainisha zaidi ni hatua ya maradhi: yamezama kiasi gani katika ukuta wa tumbo, yamefika kwenye tezi, kwenye ini, au kwenye utando unaozunguka matumbo? Hayo hutafutwa kwa picha ya CT, na wala barua haikutaja kama imepigwa. Ikiwa saratani haijasambaa, mwenye CEA ya 14 aweza bado kufaa kwa upasuaji, mara nyingi pamoja na dawa za kemo. Kumnyima mama nafasi hiyo kwa namba moja ni dhuluma, hata ikifanywa kwa huruma.

Manufaa mengine ya kiashiria huja baadaye. Kikishuka baada ya upasuaji, kisha kikaanza kupanda kipimo hadi kipimo, daktari huchunguza kama maradhi yamerejea. Yafaa kupima katika maabara ile ile, kwani mashine hutofautiana.

Mimi ningetazama pia mistari ambayo kaka zako hawakuigombania: hemoglobini na albumini. Zikiwa chini hudokeza kwamba mwili umedhoofika, na mwili dhaifu hupata taabu baada ya kisu. Daktari aulizwe namna ya kuzirekebisha mapema. Nyumbani, mpeni mama uji wa maziwa, mayai, samaki aliyechambuliwa miiba, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Albumini haipandi kwa chakula pekee, lakini mgonjwa asiingie upasuaji na njaa.

Limebaki la kumficha. Ajali aijuaye ni Mwenyezi Mungu, lakini mwili ni wa mama, na huenda ana deni, amana au wasia ambao nyinyi watoto hamuujui. Keti naye wewe, binti yake, umweleze kwa upole. Siku ya kwenda kwa daktari aende mwenyewe, nanyi mfuatane naye na karatasi zote, na swali la kwanza aulize yeye.