Fundi wa Matondoni Naye ni Mhadhiri

Ujasiriamali, uongozi na maandalizi ya kazi ni masomo yanayofundishwa katika vyuo vikuu vyetu. Nayaunga mkono. Lakini kijana wa Lamu akisomeshwa mifano ya Marekani pekee, ataamini kwao hakuna ujuzi. Sivyo. Mafundi wa Matondoni huunda majahazi kwa kukadiria mbao, mtaji na muda. Nahodha huongoza mabaharia na kulinda mali za watu. Mimi mwanaisimu najua kuwa ubia, faida na amana ni maneno makongwe kuliko ujasiriamali. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilianza kazi mwaka 2021. Walimu wenzangu, tuwapeleke wanafunzi kwa mafundi hawa, wasije wakawa watazamaji bandarini kwao.