Tusiwafiche Vijana Historia ya Maandiko



Wapo kati yetu, Kasongo na Kabambare, walezi wanaoamini kwamba kijana asielezwe jinsi Injili zilivyonakiliwa, imani yake isije ikatikisika. Nawapinga. Kimya hicho ndicho kitakachomtikisa, siku jirani Mwislamu, au sauti fulani katika simu, itakapomwambia kwamba Biblia imebadilishwa, naye asiwe na la kujibu.

Ukweli ni huu. Habari ya mwanamke mzinzi (Yn 7:53–8:11) haimo katika miswada ya Kigiriki iliyo mikongwe zaidi. Aya za mwisho za Marko (16:9–20) hazimo katika Kodeksi Vatikano ya karne ya 4. Na kodeksi hiyo inatunzwa wapi? Katika maktaba ya Papa mwenyewe! Mwizi haweki ushahidi sebuleni mwake.

Mtakatifu Augustino, askofu Mwafrika wa Hippo, alikwisha kuandika waziwazi kwamba baadhi ya vitabu havina habari ya mwanamke yule. Alidhani iliondolewa na watu walioogopa huruma ya Bwana isidhaniwe ruhusa ya kutenda dhambi. Wataalamu wengi wa leo wanaona kwamba iliongezwa baadaye. Wanatofautiana naye juu ya sababu. Lakini yeye hakuficha.

Mwalimu akisoma imla kwa wanafunzi thelathini, kila daftari litakuwa na makosa yake. Yalinganisheni: kosa la mmoja litasahihishwa na wenzake, na maneno ya mwalimu yatajulikana. Ndivyo wataalamu wanavyofanya kwa miswada ya Kigiriki ya Agano Jipya, zaidi ya 5,000. Wingi wa tofauti unatokana na wingi wa mashahidi.

Kanisa haliogopi kazi hiyo. Mtaguso wa Trento, mwaka 1546, ulipokea vitabu vitakatifu pamoja na sehemu zake zote. Ndiyo maana aya hizo tunazisoma kama Neno la Mungu, yeyote aliyeziandika. Na mwaka 1943 Papa Pius XII aliwahimiza wataalamu kuichunguza miswada kwa bidii.

Basi, walezi, fungueni tanbihi za Biblia mbele ya vijana. Nanyi vijana, ulizeni bila woga. Mficha maradhi, kilio humfichua.