Hesabu ya Boriti Isiachiwe Kompyuta Peke Yake

Wapo watu, na baadhi yao ni wataalamu, wanaodhani kwamba kukokotoa kwa mkono mkazo uliomo ndani ya boriti ni kazi iliyopitwa na wakati. Kompyuta, wanasema, huifanya kwa dakika chache. Ya nini basi kumchosha mwanafunzi kwa kalamu na karatasi? Fikira hizo ni za hatari na hazina budi kupingwa.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Ichukuliwe boriti ya mbao yenye upana wa sentimita 10 na kimo cha sentimita 20, iliyoegemezwa juu ya kuta mbili zilizoachana mita 4, nayo imebebeshwa mzigo wa kilo 600 katikati. Nyuzi za juu za mbao hiyo hugandamizwa, za chini huvutwa, na zile za katikati ya kimo chake hazipati hili wala lile. Ukiacha uzito wa boriti yenyewe, mkazo mkubwa kabisa hukaribia nyutoni 9 kwa kila milimita moja ya mraba. Boriti hiyo hiyo ikilazwa ubapa, mkazo hufika 18. Mbao ni ile ile, mzigo ni ule ule, lakini mkazo umekuwa maradufu. Seremala wa kijijini huisimamisha boriti bila kuambiwa na mtu. Mwanafunzi aliyeikokotoa kwa mkono anajua kwa nini.

Mashine haijui kwa nini. Hujibu kile ilicholishwa, basi. Norway iliyaona hayo mwaka 1991. Kitako kikubwa cha zege, kilichojengwa ili kibebe mtambo wa gesi wa Sleipner A katika Bahari ya Kaskazini, kilikuwa kikizamishwa kwa majaribio karibu na mji wa Stavanger. Tarehe 23 Agosti ukuta ulipasuka, maji yakaingia, na kitako chote kikazama na kuvunjikavunjika. Kwa bahati hakuna aliyekufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika hesabu za kompyuta kuta ziligawanywa katika vipande vikubwa mno na vyenye umbo baya, hata nguvu ya kukata ukuta ikahesabiwa pungufu kwa karibu nusu. Na nondo za mahali hapo nazo hazikupangwa ipasavyo. Takwimu hizo zilikuwa zimepita mikononi mwa wataalamu bila kosa kugunduliwa. Kitako kingine kilipohitajika upesi, wahandisi hawakungoja kompyuta. Walirudia kalamu na kanuni za zamani, na mtambo ukaanza kazi mwaka 1993.

Kompyuta si adui. Daraja kubwa la leo haliwezi kuhesabiwa lote kwa kalamu, na anayeikataa mashine kwa kiburi hana tofauti na yule anayeiabudu. Lakini siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule za Tanzania zimjengee mwananchi akili ya kudadisi. Mhandisi asiyeweza kudadisi jibu la mashine yake anajitegemea kwa lipi?

Mwalimu wa ufundi, basi, asimruhusu mwanafunzi kugusa programu kabla hajaweza kuchora boriti, kutia mishale ya nguvu na kukisia jibu. Na mtumishi anayeletewa michoro ya ghorofa ili aipitishe asiridhike na mamia ya kurasa zilizochapwa na kompyuta. Adai ukurasa mmoja wa hesabu za mkono za boriti yenye mzigo mkubwa kuliko zote, wenye sahihi ya aliyezikokotoa. Mhandisi akishindwa kuuandika, michoro irudishwe.