Ukimwondolea mtoto chakula, panga siku ya kukirudisha

Mwaka jana mama mmoja aliingia katika chumba changu cha matibabu akiwa amemshika mkono mtoto wa miaka mitatu. Katika mkono wake wa pili alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliikunjua mezani, nami nikatambua kwamba mwandiko ule ulikuwa wangu. Miezi minane kabla ya siku hiyo nilikuwa nimemtibu mtoto huyo kuhara kulikokuwa kumepita wiki mbili, na chini ya majina ya dawa nikaandika: "Asipewe maziwa." Sikuandika hadi lini.

Mama yule alikuwa ametii, tena akazidisha. Shangazi ya mtoto alimwambia kwamba tumbo linalokataa maziwa haliwezi kukubali mayai. Jirani akasema maharagwe ndiyo yanayomjaza gesi. Samaki naye akaondolewa kwa sababu siku moja mtoto alitapika baada ya kumla. Walipofika kwangu, mtoto alikuwa akila ugali kwa mchuzi wa nyanya, mkate na chai ya rangi. Katika kijitabu chake cha kliniki, mstari wa uzani uliokuwa ukipanda vizuri ulikuwa umelala kama barabara ya tambarare.

Ndugu msomaji, lawama katika kisa hiki ni yangu kabla ya kuwa ya shangazi au ya jirani. Sisi madaktari ni wepesi wa kuandika "aache" na wazito wa kuandika "arudie". Aghalabu mgonjwa huondoka na marufuku isiyo na mwisho, kisha jamii yake huongeza marufuku nyingine juu yake. Kwa maoni yangu, katika matatizo ya vyakula visivyopatana na tumbo, watoto wetu wengi huumizwa na marufuku hizo kuliko wanavyoumizwa na chakula chenyewe.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mzio, ambao wengi huuita aleji, ni kinga ya mwili kukishambulia chakula kana kwamba ni adui. Mtu hula njugu, yai au samaki kidogo tu na baada ya dakika chache midomo inavimba, ngozi inatoka vipele au pumzi inakuwa nzito. Hiyo ni hatari ya kufa, na mahali pake ni hospitali, mara moja. Usijaribu kamwe kumrudishia mtu kama huyo chakula hicho nyumbani. Kutovumilia chakula ni jambo jingine. Hapa tumbo limeshindwa kusaga kitu fulani, basi linajaa gesi, linanguruma, linauma na pengine mtu anahara. Hali hii hutaabisha lakini haiui, na mara nyingi hutegemea kiasi alichokula mtu. Makala yangu ya leo yahusu hii ya pili.

Mfano ulio wazi zaidi ni maziwa. Yana sukari yake iitwayo laktosi, na ili mwili uitumie ni lazima utumbo mwembamba utoe kimeng'enya kiitwacho laktesi cha kuikata. Mtoto mchanga huwa nacho tele, na ndiyo maana maziwa ya mama, ambayo yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe, hayamsumbui. Baada ya kuachishwa ziwa, kimeng'enya hicho hupungua pole pole kwa watu wengi. Takriban thuluthi mbili ya watu wazima duniani wamo katika hali hiyo, kwa hivyo ni makosa kuiita ugonjwa. Walio tofauti ni wale wanaokunywa maziwa hadi uzeeni bila taabu. Mwaka 2007, watafiti walioongozwa na Sarah Tishkoff walionyesha kwamba baadhi ya watu wa Kenya, Tanzania na Sudan, hasa wa jamii za wafugaji, wana mabadiliko katika jeni zao yanayowawezesha kusaga maziwa ukubwani, na kwamba mabadiliko hayo si yale yanayopatikana kwa Wazungu. Basi usishangae ikiwa katika nyumba moja, baba akiwa ametoka kwa wafugaji na mama kwa wakulima, watoto wawili wa shule watakunywa glasi moja moja ya maziwa, mmoja aende kucheza na mwingine aende chooni.

Sisi tuliosoma shule za msingi miaka ya themanini tunakumbuka maziwa ya Nyayo, mpango ulioanzishwa mwaka 1979. Kila darasa lilikuwa na mtoto aliyempa rafiki yake pakiti yake. Tulidhani ana madaha. Leo nadhani wengine wao walikuwa wakilihurumia tumbo lao.

Hata hivyo, kutovumilia laktosi hakumaanishi kuacha maziwa kabisa. Watu wengi wenye hali hii huweza kustahimili gramu 12 hivi za laktosi kwa mara moja, kiasi kilichomo katika kikombe cha maziwa cha mililita 250, hasa wakinywa pamoja na chakula. Chai yetu ya nusu maji nusu maziwa ina kama gramu 6 tu kwa kikombe. Wengi wanaoniambia kwamba maziwa yanawachukia hunywa chai hiyo mara mbili kwa siku bila kulalamika! Kinachowashinda ni glasi mbili za maziwa matupu asubuhi kabla ya kula. Wape maziwa kidogo kidogo, pamoja na chakula, na utaona tofauti.

Njia iliyo bora zaidi wazee wetu waliijua kabla ya maabara kuwapo. Maziwa yakigandishwa, bakteria hula sehemu ya laktosi, na bakteria hao hao huendelea kusaidia kazi hiyo tumboni. Mala, mtindi na mursik humkalia vizuri mtu ambaye maziwa freshi humsumbua. Kutengeneza mala nyumbani si kazi kubwa. Chemsha maziwa, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, koroga ndani vijiko vichache vya mala nzuri, funika na uweke mahali pasipo na baridi hadi kesho yake. Usiruke hatua ya kuchemsha. Wako wanaodai kwamba maziwa mabichi hayaletei mtu gesi. Si kweli, kwani laktosi ni ile ile, yachemshwe yasichemshwe. Tofauti ni kwamba mabichi yanaweza kukuletea brusela au kifua kikuu. Maziwa ya mbuzi na ya ngamia pia yana laktosi, kwa hivyo usiingie gharama ukitumaini yataliponya tumbo.

Sasa turudi kwa mtoto yule. Kuhara kwa muda mrefu kulikuwa kumechubua utando wa utumbo wake, pale pale laktesi inapotoka. Upungufu wa namna hiyo ni wa muda tu, na utumbo ukipona, kimeng'enya hurudi, mara nyingi baada ya wiki chache. Mtoto ambaye bado ananyonya huendelea kunyonya, tena zaidi. Aliyekwisha kuacha ziwa na ambaye kuhara kwake kumefikia siku 14, maziwa yake hubadilishwa kwa mala au mtindi, au nusu yake kwa vyakula vizito vyenye lishe, kisha anaangaliwa tena baada ya siku 5. Hivyo ndivyo ilivyonipasa kuandika. Ingenichukua mstari mmoja zaidi.

Ukishuku kwamba chakula fulani kinamsumbua mtu nyumbani mwako, chukua daftari. Andika kwa wiki moja alichokula, saa ngapi, na tumbo lilifanya nini. Halafu ondoa chakula kimoja tu. Nasisitiza kimoja, kwa maana ukiondoa vinne na tumbo likatulia, hutajua mkosaji ni nani na utaviadhibu vyote. Kiondoe kwa wiki mbili, na siku ile ile unayokiondoa andika katika daftari tarehe ya kukirudisha. Tarehe hiyo ikifika, kirudishe kwa kiasi kidogo, nusu kikombe kwa mfano, na uongeze siku baada ya siku. Dalili zikirudi, umejua kiasi anachoweza kuvumilia. Zisiporudi, basi hakikuwa hicho. Jaribio hili si la mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Huyo mpeleke kwa daktari.

Wakati chakula kimeondolewa, pengo lake lisiachwe wazi. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kama miligramu 300 za kalsiamu, na mifupa ya mtoto haijui kwamba mama amepewa marufuku. Omena wanaoliwa na mifupa yao wana kalsiamu nyingi. Ikiwa mtoto ni mdogo wakaange wakauke, wasage na unyunyize unga huo katika uji au mchuzi. Unga wa wimbi nao una kalsiamu kuliko nafaka zetu nyingine, na uji wake ukichachushwa mwili huipata kwa urahisi zaidi. Sukuma wiki hapa ni bora kuliko mchicha, kwa kuwa mchicha una asidi inayoishikilia kalsiamu isitumike. Chai ya rangi haijazi pengo lolote.

Tena upike sufuria moja. Nimeona nyumba ambamo mtoto mmoja hupikiwa kando, akakaa pembeni na bakuli lake kama mgeni aliyefika bila kualikwa. Gharama hupanda, mama huchoka, na mtoto hujiona mgonjwa. Ni afadhali mala iwe ya nyumba nzima, na asiyeitaka aseme.

Maharagwe hayahitaji maneno mengi. Gesi yake hutokana na aina ya sukari ambayo hakuna binadamu aliye na kimeng'enya cha kuisaga, si mtoto wako tu. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha uyachemshe kwa maji mapya. Yale mekundu lazima yatokote kwa nguvu angaa dakika 10, maana yakiwa nusu mabichi yana sumu inayotapisha. Kuhusu magadi, najua yanaharakisha githeri na yanaokoa makaa, lakini huharibu vitamini B1. Kuloweka kunafanya kazi ile ile bila hasara hiyo.

Ngano ni suala jingine. Uko ugonjwa wa siliaki ambao gluteni ya ngano, shayiri na rai huuharibu utumbo, nao ni ugonjwa wa kweli unaotaka kuepuka ngano maisha yote. Lakini usiache chapati na mkate kabla ya kupimwa, kwa maana kipimo cha damu hukosea ikiwa umekwisha kuacha. Jihadhari pia na vipimo ghali vinavyodai kukuonyesha vyakula mia moja vinavyokudhuru kutokana na tone moja la damu. Vingi huangalia kingamwili za IgG, ambazo huonyesha tu kwamba chakula hicho umewahi kukila. Fedha hizo zingenunua mayai ya mwezi mzima.

Kuna dalili ambazo daftari halizitoshi. Damu katika choo, homa, kupungua uzani, kuhara kunakomwamsha mtu usiku, au mtoto asiyeongezeka. Viini vya jiadia, kwa mfano, huleta gesi na kuhara vinavyofanana kabisa na kutovumilia maziwa, na dawa yake ipo.

Mtoto wa karatasi ile alirudishiwa mayai siku ile ile, na maharagwe wiki iliyofuata. Mala alianza kwa vijiko vitatu, na baada ya mwezi alikuwa akimaliza kikombe. Mama hakunidai chochote ila karatasi mpya yenye tarehe, nami nikamwandikia. Mstari wa uzani sasa unapanda. Samaki bado anamkataa, lakini tumemchunguza na hana mzio, analalamika miiba.