Mwacheni Akimbie Peku

Mwaka jana, kwenye bonanza la michezo la shule moja ya msingi hapa mkoani Rukwa, nilimwona binti wa miaka kama kumi na mmoja akitolewa kwenye mstari wa mbio za mita 800. Kosa lake ni kwamba hakuwa na raba. "Mgeni rasmi atatuonaje?" mwalimu aliuliza. Binti akaenda kukaa chini ya mti, miguu ameikunjia ndani ya sketi isionekane. Filimbi ikapigwa, wenzake wakakimbia. Mimi nilikuwa mmoja wa wazazi pale, na nilinyamaza. Makala hii ni deni la ukimya ule.

Nilikuwa na sababu ya kusema kuliko wengi. Nimekulia kijijini, juu ya uwanda huu wa Ufipa, na mpaka namaliza darasa la saba sikuwahi kukimbia na kitu mguuni. Tulikimbia kwenda shule, tulikimbia kufukuza ng'ombe kwenye mahindi, tulikimbia bila sababu yoyote. Asubuhi za Juni, baridi ya huku ikiuma, tulikimbia ili miguu ipate moto. Viatu vilikuwa vya kanisani, na hata hivyo tulivibeba mkononi mpaka karibu na mlango.

Sekondari vikawa sheria. Baadaye ikaja kazi Dar es Salaam, kikaja kitambi, na daktari akanishauri mazoezi. Nikafanya kama watu wa mjini wafanyavyo: nikaanzia dukani. Nilinunua raba zenye soli nene kama mkate, kwa fedha ambayo ingelisha nyumba yangu wiki mbili. Nikakimbia miaka sita. Siikumbuki hata asubuhi moja niliyofurahi. Nakumbuka saa ya mkononi ikinihesabia na magoti yakilalamika. Yalipozidi, muuzaji aliniambia soli zimeisha, ninunue nyingine. Nami nikanunua.

Kisha nikahamishiwa Sumbawanga, nyumbani, mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi moja ya Machi, baada ya mvua ya usiku, nilikuwa kwenye njia ya kupanda kuelekea milima ya Mbizi. Tope liliganda kwenye raba mpaka kila mguu ukawa kama umefungwa jiwe. Nikavua, nikiwa na nia ya kurudi nyumbani taratibu. Tope baridi likapenya katikati ya vidole. Nilipopita hatua ya ishirini nikagundua nakimbia. Hatua zilikuwa fupi na nyepesi, na kisigino kilikataa chenyewe kutangulia. Kile kishindo nilichokizoea kilikuwa kimenyamaza. Nilijikuta nacheka peke yangu kama mwehu.

Mama mmoja alikuwa akishuka na mzigo wa kuni kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wamekuibia viatu?"

Nikamwonyesha raba zangu mkononi. Akanitazama kwa huruma.

"Basi vaa, baba. Watu watasema huna."

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Mguu peku kwetu umekuwa ushahidi wa umaskini. Mwalimu yule hakuogopa mtoto ataumia. Aliogopa watu watasema hatuna.

Basi tukumbushane. Tarehe 10 Septemba 1960, mjini Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia marathoni ya Olimpiki bila viatu, kilomita 42 na ushei, akashinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Hakuna aliyemwambia atoke mstarini kwa ajili ya mgeni rasmi. Miaka minne baadaye, Tokyo, alivaa viatu, akashinda tena. Ushindi ulikuwa wa Bikila, si wa kiatu wala wa kukosa kiatu.

Sayansi nayo imeliangalia jambo hili. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Nature, wakiwamo wakimbiaji wa Kenya. Waliona kwamba waliozoea peku mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, ilhali wengi wenye raba hutangulia na kisigino, na kwamba kutua kwa mbele hupunguza ule mshtuko wa ghafla. Hawakusema viatu ni sumu. Wala mimi sisemi.

Najua hoja za upande wa pili, na zilizo za kweli nazikubali. Minyoo ya safura huingia kupitia ngozi ya mguu kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi. Pepopunda inaua. Mjini kuna misumari na vipande vya chupa. Nami sikuamka siku moja nikawa Bikila: nilianza upya kwa dakika tano kwenye majani, na vigimbi viliniuma wiki nzima. Kwa hiyo mtu asichukue maneno yangu akamwambie mtoto wa maskini kwamba hahitaji viatu. Anavihitaji chooni, shambani na njiani. Apewe, na achanjwe.

Ninachopinga ni kiatu kugeuzwa tiketi. Nimelipia tiketi hiyo miaka sita, nikauziwa kwa bei kubwa mchezo niliokuwa nao bure utotoni, na furaha yake haikuwamo kwenye boksi. Sasa tunaipitisha bei hiyo kwa watoto. Tunamnyima binti mwenye mbio zake uwanja, halafu jioni tunakaa mbele ya televisheni kuuliza kwa nini Tanzania hatupati medali nyingi.

Walimu wenzetu, kagueni uwanja badala ya miguu. Okoteni chupa, fukieni mashimo, kisha mwacheni mtoto akimbie na alichonacho, hata kama alichonacho ni nyayo zake.

Bonanza la mwaka huu liko karibu. Nimeshaiambia kamati ya wazazi kwamba nitasimama pale mstarini, peku, mbele ya mgeni rasmi. Wakitaka kumtoa mtoto, waanze na mimi.