Miwa Haioti Msituni: Wifredo Lam na Wanaomsifu Bila Kumtazama

Mwaka 1988 mshairi na mhakiki wa Marekani, John Yau, aliandika makala kuhusu mahali ilipotundikwa picha moja katika Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York. Picha yenyewe ni *La Jungla*, yaani Msitu, aliyoichora Wifredo Lam mjini Havana kati ya mwaka 1942 na 1943, ikanunuliwa na makumbusho hayo mwaka 1945. Haikuwekwa katika kumbi walimokaa Picasso na Matisse. Ilitundikwa kwenye ujia unaoelekea chumba cha kuwekea makoti, wageni wakaipita wakienda kuvua makoti yao na wakaipita tena wakienda kuyachukua.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni kesi iliyokwisha. Paris, Madrid na London zilimfanyia Lam maonyesho makubwa mwaka 2015 na 2016. Mwaka 2020 picha yake *Omi Obini* iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 9. Makumbusho yale yale ya New York yalimfungulia maonyesho ya maisha yake yote mnamo Novemba 2025. Kizuri chajiuza, watasema, na kilichobaki ni kushangilia. Lakini picha kuhamishwa ukuta ni jambo moja, na picha kusomwa ni jambo jingine. Maneno ambayo Lam amekuwa akielezwa kwayo kwa zaidi ya miaka themanini yangali yanatembea: kwamba alikuwa mwanafunzi wa Picasso, kwamba alikuwa msurealisti aliyechora ndoto, kwamba alikuwa mtoto wa uganga aliyechora mizimu ya kwao. Kila moja katika kauli hizi imebeba chembe ya ukweli, na ndiyo maana zimedumu. Zikikusanywa pamoja, zinamwondolea msanii huyu kitu kimoja alichokuwa nacho kuliko wenzake wengi, nacho ni akili iliyojua inachokisema.

Ianzwe na Picasso. Lam alizaliwa tarehe 8 Desemba 1902 huko Sagua la Grande, mji wa Kuba uliozungukwa na mashamba ya miwa. Baba yake, Enrique Lam-Yam, alikuwa Mchina aliyetoka Canton. Mama yake, Ana Serafina Castilla, alikuwa na damu ya Kiafrika, ya Kongo, na ya Kihispania. Mwaka 1923 alikwenda Madrid kwa msaada wa fedha za halmashauri ya mji wake, akafundishwa na Fernando Álvarez de Sotomayor, mkurugenzi wa makumbusho ya Prado, ambaye alimfundisha pia Salvador Dalí. Akaishi Hispania miaka 15. Huko alioa, na huko mwaka 1931 mkewe Eva na mtoto wao mchanga walifariki kwa kifua kikuu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka alisimama upande wa Jamhuri, akafanya kazi katika kiwanda cha silaha hadi sumu za humo zilipomlaza kitandani. Alipofika Paris mwaka 1938 akiwa na barua ya kumtambulisha kwa Picasso, alikuwa mtu wa miaka 35 aliyekwisha kuzika familia na kushuhudia vita. Huyo ndiye anayeitwa mwanafunzi.

Ni kweli kwamba Picasso alimpokea kama ndugu, akamjulisha kwa marafiki na wenye maduka ya sanaa. Ni kweli vilevile kwamba Michel Leiris alimtembeza katika makumbusho ya Paris na kumwonyesha vinyago vya Afrika. Wahakiki hulishika jambo hili kwa mikono miwili: tazameni, Afrika yenyewe aliionyeshwa Paris. Hawajiulizi kwa nini vinyago hivyo vilikuwa Paris, wala nani alivitoa vilikotoka na kwa haki gani. Lam aliviona vilipokuwa, kama mrithi anavyoikuta mali ya babu yake katika nyumba ya jirani. Picasso alichukua kutoka katika kinyago umbo la uso na nguvu ya mistari. Lam naye alilichukua umbo hilo, kisha akalirudisha mahali ambapo uso huo una jina, una siku yake, una chakula chake na nyimbo zake. Wawili hawa hawakufanya kazi moja, hata pale macho na pua za sura zao zinapofanana.

Kauli ya pili ni nzito zaidi, kwa kuwa inatoka kwa marafiki. Wajerumani walipoingia Paris mwaka 1940 Lam alikimbilia Marseille, ambako André Breton na wenzake walikuwa wakisubiri meli katika nyumba ya Air-Bel. Hapo Lam alichora vielelezo vya shairi la Breton *Fata Morgana*, akacheza na wenzake michezo yao ya kuchora, na pamoja nao akabuni karata mpya zisizokuwa na mfalme. Mkono wake ulifunguka. Mahuluti ya mtu, mmea na mnyama yaliyokuja kumpa jina yalianza kuonekana katika michoro ya miezi hiyo. Asiyekubali kwamba usurealisti ulimpa Lam kitu atakuwa mwongo.

Lakini alipewa ufunguo, hakupewa nyumba. Mwezi Machi 1941 alipanda meli *Capitaine Paul-Lemerle* pamoja na Breton, Claude Lévi-Strauss, Victor Serge, Anna Seghers na wakimbizi wengine mamia. Meli ilitia nanga Martinique, abiria wakawekwa kizuizini. Fort-de-France ndiko Breton alikokuta, katika duka la kuuza riboni na vifungo, toleo la kwanza la jarida *Tropiques*, lililotolewa mwezi Aprili mwaka huo na Aimé Césaire, Suzanne Césaire, René Ménil na wenzao. Lilikuwa jarida dogo la kisiwa, la mashairi na makala. Kwalo Lam alikutana na Césaire, na urafiki wao ukadumu hadi mwisho wa maisha yake. Mwaka 1943 tafsiri ya Kihispania ya shairi refu la Césaire kuhusu kurejea nchi ya kuzaliwa ilitoka Havana, mtafsiri akiwa Lydia Cabrera na mchoraji wa vielelezo akiwa Lam.

Mwaka huo huo wa 1943 Suzanne Césaire aliandika katika *Tropiques* makala kuhusu usurealisti na watu wa kwao, akionyesha kwamba mkondo huo ulikuwa na thamani kwao kwa kadiri ulivyowasaidia kuvunja ukoloni ndani ya akili. Watawala wa Vichy walikuwa wameuelewa mwelekeo wa jarida hilo vizuri kuliko wahakiki wengi, wakalifungia hata kabla makala hiyo haijatoka. Hapo ndipo tofauti ilipo. Kijana wa Paris aliyechoshwa na ustaarabu wa baba yake aliitafuta ndoto ili aikimbie mantiki. Mtu wa Karibi hakuhitaji kulala ili ayaone majinamizi, kwani yalikuwa yamelimwa kwa safu, yakihesabiwa kwa magunia na kusafirishwa kwa meli.

Hili ndilo linaloifanya *La Jungla* kuwa picha ya kutisha, na ndilo wasiotazama hulikosa. Picha hiyo ina ukubwa wa karibu meta 2.4 kwa 2.3, imechorwa juu ya karatasi iliyobandikwa turubai. Ndani yake wamesimama viumbe wanne wenye nyuso za vinyago na miezi, matiti kama mapapai, viganja vikubwa na nyayo kubwa zaidi. Nyuma yao na kati yao yamesongamana mashina yaliyonyooka yenye pingili. Mashina hayo ni miwa. Miwa haioti msituni. Hupandwa na mtu, hukatwa na mtu, na katika Kuba kwa muda wa karne kadhaa mtu huyo alikuwa mtumwa. Waafrika zaidi ya laki saba walipelekwa kisiwani humo kwa nguvu, na utumwa ulikomeshwa huko mwaka 1886, miaka 16 tu kabla Lam hajazaliwa. Kati ya mwaka 1847 na 1874 waliongezwa Wachina zaidi ya laki moja kwa mikataba iliyofanana na minyororo. Asili zote mbili zilizokutana ndani ya Lam zilikuwa zimepita katika shamba hilo.

Basi jina la picha ni kejeli. Mnunuzi wa New York anayeitazama kutafuta pori la watu wasiostaarabika anaonyeshwa kiwanda, tena kiwanda kilichotia utamu katika kikombe chake cha kahawa. Katika pembe ya juu, upande wa kulia, mkono umeshika mkasi. Hakuna ndoto inayohitaji mkasi katika shamba la miwa; anayeuhitaji ni mtu aliyekusudia kukata. Lam mwenyewe alimweleza Max-Pol Fouchet kwamba alikusudia kuchora mkasa wa nchi yake na hakuwa tayari kuchora dansi za kuwafurahisha watalii, na akaifananisha sanaa yake na farasi yule wa Troja aliyebeba askari tumboni. Mtu anayesema hivyo hajalala usingizi.

Kauli ya tatu huja ikiwa imevaa kanzu ya heshima: kwamba Lam alikuwa sauti ya mizimu. Ushahidi wake ni Mantonica Wilson, mama yake wa ubatizo, mganga na mtumishi wa Shango aliyemkinga utotoni kwa hirizi na dua. Mantonica alitamani mtoto huyo afuate njia yake. Lam hakuifuata. Aliporudi Kuba mwaka 1941, baada ya miaka 18, alijifunza upya mambo ya kwao kama msomi anavyojifunza, akiwa na Lydia Cabrera aliyekusanya simulizi na ibada za watu weusi wa Kuba, na mwandishi Alejo Carpentier. Mwaka 1946 alikwenda Haiti na kushuhudia ibada za Vodou. Alizijua alama hizo kutoka ndani na akazipanga kutoka nje. Kumwita chombo kilichopitiwa na pepo ni kumnyima sifa ya utunzi.

Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki wana jambo la kuwafundisha wahakiki hao. Katika picha zake za miaka ya 1940 na 1950 amejaa mwanamke mwenye kichwa cha farasi, na vitabu vingi vya Ulaya vimemweka katika fungu la maajabu ya ndoto. Kuba na Haiti, mtu anayeingiwa na nguvu za kiroho wakati wa ibada huitwa farasi, kwa kuwa amepandwa. Kiswahili nacho husema pepo *amempanda* mtu, na mtu huyo huitwa *kiti*. Aliyekulia karibu na ngoma ya pepo hahitaji kamusi ya Breton ili kumwelewa mwanamke huyo. Haoni ajabu, anaona mtu ambaye mwili wake umekaliwa na mwingine, na anajua kwamba swali la kuuliza ni moja: ni nani aliyepanda, na anataka nini? Katika kisiwa kilichopandwa na Hispania, kisha na makampuni ya sukari ya Marekani, swali hilo halikuwa la waganga peke yao.

Mvuto wa Lam uliodumu unatoka hapo. Aliishi Paris kuanzia mwaka 1952, akafanya kazi ya udongo huko Albissola, Italia, akaunga mkono mapinduzi ya Kuba na kuwaita wasanii wa Ulaya Havana mwaka 1967. Alifariki Paris tarehe 11 Septemba 1982, na majivu yake yakazikwa Havana. Mikondo aliyoitwa mfuasi wake imekwisha kuwa sura za vitabu vya historia. Picha zake zingali zinamtazama mtazamaji, kwa sababu jambo zinalolisema halijakwisha.

Na wakazi wa visiwa wasijidhani wamo salama upande wa haki. Unguja na Pemba zilikuwa na msitu wao wa kulimwa, ambao harufu yake nzuri ilifunika jasho la watumwa hadi utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897. Leo vichochoro vya Mji Mkongwe vimejaa picha za jahazi wakati wa machweo na Wamasai warefu wembamba waliokaushwa kwa mstari mmoja. Haipasi kumlaumu mchoraji anayetafuta unga wa watoto wake. Wanaostahili lawama ni wale wanaoziita picha hizo utamaduni, na papo hapo kumwambia kijana anayechora mkarafuu wenye viganja na nyayo kwamba anaiga Wazungu. Wamemnunulia kijana huyo nafasi kwenye ujia wa makoti kabla hajafika New York.

Anayetaka kumheshimu Lam asianze na Picasso wala Breton, na asiridhike na bei za mnadani. Asimame mbele ya ile miwa, azihesabu nyayo, autafute mkasi, kisha ajiulize katika kisiwa chake mwenyewe ni kipi kinachoitwa msitu ilhali kilipandwa kwa mikono ya watu, na mikono hiyo ilikuwa ya nani.