Mlima Haupigani

Kila yanapotajwa mapambano baina ya jeshi la serikali na wapiganaji wa msituni, husikika kauli moja iliyokwisha kuwa kama methali: jeshi kubwa haliwezi mlima. Husemwa barazani hapa Kengeja baada ya sala ya alasiri, husemwa vijiweni Chake, na washairi wetu huitilia vina na mizani. Mwenye mizinga, wanasema, ni mtumwa wa barabara. Mwenye miguu na subira, jiwe humkinga na ukungu humfunika. Kauli hii ni tamu. Nami nadai kuwa ni ya uongo, na kwamba uongo wake una madhara, kwani humsifu asiyepigana na kumsahau aliyelipa.

Sikatai kwamba mlima una nguvu zake. Jeshi rasmi huenda na mizigo: risasi, maji, chakula, majeruhi wa kubebwa. Njia nyembamba huwalazimisha watu mia tatu kutembea mmoja nyuma ya mwingine, wakawa hawana nguvu ila ya wale kumi walio mbele. Aliye juu huona, aliye chini huonekana. Hata tambarare yenye vichaka na mawe ilitosha kumwangamiza Emil von Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walipoushukia msafara wake kabla askari hawajajipanga. Lugalo inajulikana na kila mtoto wa skuli. Nauliza: ni wangapi wanaoweza kuisimulia miaka saba iliyofuata? Ngome ya Kalenga ilianguka mwishoni mwa Oktoba 1894. Mkwawa akaingia porini na vilimani, na Wajerumani, walipochoka kumtafuta, wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake, huku wakiviandama vijiji vilivyomlisha. Tarehe 19 Julai 1898 alijiua kwa risasi. Vilima vya Uhehe vilikuwa palepale siku hiyo. Waliokwisha ni watu wa kumpa chakula.

Tuje kwetu pwani. Mbaruk bin Rashid alikuwa Mazrui, wa ukoo uliowahi kuitawala Pemba yetu hii hadi mwanzoni mwa miaka ya 1820. Alikuwa na Gasi ufukweni, na nyuma yake, bara kidogo, alikuwa na Mwele, ngome ya kilimani iliyozungukwa na msitu. Mwaka 1882 jeshi la Sayyid Barghash, likiongozwa na Lloyd Mathews, lilimtoa Mwele. Akatoroka, kisha akarudi. Agosti 1895 Waingereza chini ya Admirali Rawson waliivunja Mwele tena; akatoroka tena. Hapo ndipo wapenzi wa kauli yetu wanapotia nukta na kushangilia. Lakini hadithi haikuishia hapo. Waliletwa askari kutoka Uhindi, sehemu zilizomuunga mkono zikabanwa, na Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani pamoja na wafuasi wake. Kilima kilimwokoa mara mbili, kisha kikashindwa kumlisha.

Neno lenyewe ni hilo: kulisha. Mlima haulimi, haupiki, hautwangi. Mpiganaji aliye juu hula kwa mkono wa mtu aliye chini, na jeshi lisiloweza kumfikia wa juu humrudia wa chini. Sisi wa Kengeja ni watu wa mchezo wa ng'ombe. Tunamsifu kijana anayezikwepa pembe, tunamwimbia, na ni haki yake. Lakini kila aliyewahi kukaa ukingoni mwa uwanja anajua kuwa ng'ombe akimkosa mchezaji huwageukia watazamaji.

Ndivyo ilivyokuwa katika Maji Maji. Vita vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi. Wapiganaji walipoona kuwa maji hayageuzi risasi, walijigawa vikundi vidogo na kuvamia kwa kuvizia, na Wajerumani hawakuwa na watu wa kutosha kukifuata kila kikundi. Wakachagua silaha nyingine: walichoma mashamba, wakamwaga au wakachukua nafaka, wakazuia watu kupanda. Idadi ya waliokufa hutajwa kuanzia 75,000 hadi 300,000, na walio wengi kati yao hawakupigwa risasi. Walikufa kwa njaa. Utenzi wa vita vile tunao, kwa mkono wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Mashujaa wake tunawataja. Wa ghala tupu, nani anawataja?

Ndivyo ilivyokuwa Kenya. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau walishika misitu ya Nyandarua na ya Mlima Kenya. Ndege za Lincoln ziliimwagia misitu mabomu, na kwa muda mrefu mabomu yaliwaua wanyama na kuikata mianzi zaidi ya kuwamaliza watu. Kilichowavunja wapiganaji kilijengwa chini. Katika mwaka 1954 na 1955 zaidi ya watu milioni moja waliondolewa katika nyumba zao na kukusanywa katika vijiji vyenye ulinzi. Kando ya msitu wa Mlima Kenya likachimbwa handaki la urefu wa maili 50 hivi, likatiwa vijiti vyenye ncha, kulitenga shamba na msitu. Waliolichimba, kwa lazima, wengi walikuwa wanawake, kwa kuwa wanaume walikuwa kizuizini: walewale waliokuwa wakipeleka chakula usiku walilazimishwa kuchimba mchana shimo la kukizuia. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 ukingoni, pale msitu unapokutana na mashamba, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957.

Na wanaosifu majeshi nao nisiwaache. Jabal al-Akhdhar ya Oman ni kama ndugu wa jina wa kisiwa chetu, kwani Waarabu walikiita Al-Jazira al-Khadhra. Huko, kuanzia 1957, Imamu Ghalib bin Ali na nduguye Talib, pamoja na Suleiman bin Himyar, waliushika mlima dhidi ya Sultani Said bin Taimur na Waingereza wake. Vitabu vya wanajeshi hupenda kusimulia usiku ule wa Januari 1959 makomando wa Kiingereza walipoparamia majabali na kupambazukiwa juu. Ni kweli walipanda. Lakini kabla ya usiku huo, ndege zilikuwa zimepiga vijiji vya juu na mifereji ya falaji inayonywesha mashamba ya watu wasio na bunduki. Komando alipofika juu, njaa na kiu vilikuwa vimemtangulia.

Sultani huyohuyo alijaribu dawa hiyohiyo Dhofar, ambako maasi yalianza mwaka 1965. Visima vilizibwa, vijiji vikachomwa, na kila kisima kilichozibwa kikawapandisha vijana zaidi mlimani. Julai 1970 Qaboos alimpindua baba yake. Majeshi ya kigeni yaliongezeka, Wairani wakiwamo, hilo halifichiki. Lakini pia ulitolewa msamaha, visima vikachimbwa, zahanati zikafunguliwa, na wapiganaji wengi walioshuka wakapigana upande wa serikali. Desemba 1975 vita vilitangazwa kuwa vimekwisha. Jamaa zetu waliohamia Oman miaka ile wanaijua habari hii kuliko mimi.

Najua nitajibiwa: na Rwenzori je? Wakonjo walianza harakati zao za Rwenzururu mwaka 1962, na serikali za Uganda zilipokezana zisiweze kuuteka mlima. Naam, na jibu limo ndani ya swali. Walidumu miaka ishirini kwa sababu waliolima katika miteremko ile walikuwa wao wenyewe, na mwaka 1982 Charles Mumbere alishuka kwa mapatano, hakuteremshwa kwa mizinga. Na mlima haukumlinda mtu hata mmoja kati ya zaidi ya mia waliouawa Novemba 2016, jeshi lilipovamia kasri la mfalme huyohuyo mjini Kasese.

Pengine mtu ataniuliza haya yananihusu nini mimi wa kisiwa ambacho kilima chake kirefu hakifiki mita 150. Yananihusu kwa sababu hiyohiyo. Januari 2001, Wapemba walipopigwa risasi katika maandamano, hatukuwa na mlima wa kukimbilia. Zaidi ya watu elfu mbili walivuka bahari hadi Shimoni, pwani ileile ya Gasi na Wamazrui. Tangu hapo nimesikia vijana wakisema kwa uchungu: lau tungekuwa na milima! Uchungu wao nauheshimu. Dua yao siiitikii amina. Anayeomba mlima aombe pia, kwa sauti hiyohiyo, ghala lake lichomwe na mama yake achimbe handaki.

Kwa hiyo shtaka langu ni kwa washairi, wa hapa Pemba na wa kwingineko. Kisiwa kilichomzaa Kamange na Sarahani hakikosi ulimi. Tumetunga vya kutosha juu ya simba, jabali na upanga. Tungeni sasa utenzi wa mwanamke wa Nyandarua mwenye kikapu cha viazi kichwani usiku, wa mkulima wa Umatumbi anayeutazama mtama wake ukiungua, wa mzee wa Jabal al-Akhdhar anayeusikiliza mfereji uliokauka. Majina yao hayakuandikwa, na mtunzi atalazimika kuwatafuta. Kumsifu mlima ni kazi nyepesi, maana mlima hautoi ushahidi.

Kengeja, Pemba